Donge Nono na Amana ya Ulimi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, na hasa akina mama ambao jarida letu huingia majumbani mwenu kila wiki, leo tunawachukua mbali na bahari. Chai tuinywayo asubuhi kwa mahamri na mbaazi hutoka katika vilima vya bara, na sehemu yake kubwa huchumwa Kericho na Bomet, kisha ikateremshwa hadi Mombasa kupigwa mnada kabla ya kupakiwa melini kwenda Pakistani, Misri na kwingineko. Sisi wa pwani tunakijua kikombe. Mikono iliyochuma hatuijui. Na katika mikono hiyo imo ya ndugu zetu katika dini, japo ni wachache: Wanubi waliofika zama za ukoloni, wafanyabiashara wa Kisomali, watu wa Magharibi waliohamia kutafuta kazi, na Wakipsigis waliosilimu.

Tulialikwa Kericho na ndugu hao kutoa darsa kwa akina mama baada ya swala ya Alasiri. Mvua ya mchana, ambayo kule ni kama ada, ilikuwa ikipiga mabati hata ikatubidi kupaza sauti. Tulizungumza juu ya malezi. Watu walipotawanyika, mama mmoja alibaki nyuma pamoja na dada yake. Ni mjane kutoka upande wa Bomet, mchumaji wa majani chai, na amesilimu pamoja na mwanawe wa pekee miaka kadhaa iliyopita. Alisema hivi:

"Sheikh, kijana wangu amebadilika. Zamani nikirudi shambani alinipokea kikapu barabarani. Siku hizi haswali tena na watu msikitini. Asema imamu ni kibaraka na sisi sote tumekufuru. Chakula changu hakigusi mpaka aulize nyama imechinjwa na nani, hata kama nimechinja kuku mbele yake. Juzi ameniambia amepata kazi ya ujenzi upande wa Garissa, na nauli ametumiwa kwa simu na mtu ambaye hajapata kumwona kwa macho. Nasikia redioni kwamba serikali hutoa mamilioni kwa mwenye kutoa habari za ugaidi. Mimi sitaki mamilioni, Sheikh. Nataka unijibu mambo matatu. Pesa hizo ni halali au haramu? Nikisema, nitakuwa nimemsaliti mwanangu? Na wakimchukua, nitamwona tena?"

Mawili ya kwanza tulimjibu pale pale kwa kadiri Allah alivyotujaalia. La tatu lilitukosesha usingizi usiku ule. Tumeona tuyaandike yote matatu hapa, kwa kuwa swali la mama yule wa nchi ya chai ndilo swali la akina mama wengi wa Kwale, Mombasa, Malindi na Lamu, ila huulizwa kwa sauti ya chini.

Donge nono ni kitu gani

Serikali kadhaa duniani hutangaza zawadi ya fedha, ambayo waandishi wetu huiita donge nono, kwa yeyote atakayetoa habari zitakazosaidia kumkamata mtuhumiwa wa ugaidi au kuzuia shambulio. Mpango mkubwa kuliko yote ni wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1984. Katika eneo letu mpango huo umeahidi mpaka dola milioni 10 kwa habari za kila mmoja katika wakuu wa Al-Shabaab. Mwezi wa Januari 2023 uliahidi kiasi kama hicho kwa habari za Maalim Ayman, aliyetuhumiwa kupanga shambulio la kambi ya Manda Bay, Lamu, la tarehe 5 Januari 2020.

Serikali ya Kenya nayo imefanya hivyo. Baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa ya tarehe 2 Aprili 2015, ambapo roho 148 zilitolewa, ilitangaza shilingi milioni 20 kwa habari za Mohamed Kuno, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuongoza madrasa huko huko Garissa. Novemba 2021, wafungwa watatu wa kesi za ugaidi walipotoroka gereza la Kamiti, iliahidiwa milioni 20 kwa kila mmoja wao. Baada ya siku tatu walikamatwa katika kaunti ya Kitui, kwa sababu wenyeji waliwatilia shaka wakatoa habari.

Basi tusiseme kwamba donge halifai kitu. Mwaka 1995, Ramzi Yousef, aliyelipua jengo mjini New York miaka miwili kabla, alikamatwa mjini Islamabad baada ya kijana aliyekuwa karibu naye kwenda kusema. Na aliyesema alilipwa. Lakini pia tusidhani kwamba donge likitangazwa, mambo yamekwisha. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Moroni, Ngazija.

Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani zililipuliwa Nairobi na Dar es Salaam. Waliokufa walizidi 220, na wengi wao walikuwa Wakenya waliokuwa wakienda na shughuli zao. Fazul alitajwa kuwa miongoni mwa waliopanga, na zawadi juu yake ikapandishwa hadi dola milioni 5. Miaka ilivyokwenda, mtu huyo alifika Siyu, katika kisiwa cha Pate, kwa jina lisilo lake. Alifundisha madrasa. Akaoa kwa watu. Kisha tarehe 28 Novemba 2002 ikaja siku ya Kikambala, Wakenya 10 na Waisraeli 3 wakauawa hotelini. Waliompa mke na makazi ndio waliobaki kuulizwa. Baadhi ya jamaa wa mkewe walishitakiwa kwa mauaji, na mahakama ikawaachia huru mwaka 2005, baada ya kuonja jela. Yeye Fazul aliendelea kutembea mpaka Juni 2011, gari lake lilipopotea njia usiku mjini Mogadishu na kuangukia kizuizi cha askari wa serikali ya Somalia. Miaka 13 donge lilikuwako. Kilichommaliza ni kukosea njia.

Mwenye akili atajiuliza: kwa nini mamilioni hayo hayakufungua ndimi? Jawabu letu ni kwamba walio karibu na mtu wa namna hiyo ni wa aina mbili. Kuna wasiojua, na hao hawana cha kuuza. Na kuna wanaojua au wanaoshuku, ambao aghalabu ni mama, mke, ndugu na mwalimu. Na hao kinachowafunga midomo si uchache wa fedha bali ni hofu. Hofu haiondolewi kwa kuongeza sifuri mwisho wa hesabu.

Je, fedha hiyo ni halali?

Tuanze na asili yake katika fiqhi. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii wameiweka milango ya muamala uitwao ju'ala: mtu kutangaza ujira maalumu kwa yeyote atakayetimiza kazi fulani, kama kumrudishia mnyama aliyepotea. Dalili yao mojawapo imo katika Sura Yusuf, aya ya 72, pale watumishi wa mfalme walipotangaza kwamba atakayeileta pishi ya mfalme iliyopotea atapata shehena ya ngamia mmoja. Kwa hiyo kutangaza zawadi kwa kazi ya halali si jambo geni katika dini yetu, na mwenye kuifanya kazi hiyo kwa ukweli anaweza kuipokea.

Lakini tazameni, ndugu zetu, kisa hicho hicho kinavyoendelea. Pishi ilipotafutwa ilionekana ndani ya mzigo wa Binyamini, naye hakuiba. Nabii Yusuf (AS) alikuwa na hekima yake katika jambo lile, kwa mpango wa Mola wake, na mwisho wake ukawa ni heri kwa wote. Sisi wengine hatuna wahyi. Tunachojifunza ni kwamba kitu kuonekana katika mzigo wa mtu hakujatosha kumfanya mwizi. Na palipo na zawadi, ndipo panapohitaji uangalifu zaidi.

Mfano wa pili umo katika sira. Mtume (SAW) alipohama Makka pamoja na Abubakar (RA), makureshi walitangaza ngamia 100 kwa atakayewaleta. Suraqa bin Malik akapanda farasi wake kwa tamaa ya ngamia hao. Farasi akazama miguu mchangani, tena na tena, mpaka Suraqa akafahamu kwamba anawinda asichopasa kuwinda. Akaomba amani, akarudi, na kila aliyemkuta njiani akamgeuza. Donge lile lilikuwa nono kweli kweli, na lilikuwa la dhulma. Hapa pana kipimo chetu: uzito wa zawadi hauonyeshi uzito wa haki. Jambo hupimwa kwa ukweli wake na kwa lengo lake, na fedha hufuata nyuma.

Kuna na neno la tatu. Ushahidi ukiwa ni wajibu juu ya mtu, kwa maana hakuna mwingine ajuaye ila yeye na roho za watu zimo hatarini, basi wajibu huo haungojei malipo. Sura Al-Baqara, aya ya 283, inatukataza kuuficha ushahidi na kuuhesabu moyo wa mwenye kuuficha kuwa una dhambi. Wengi wa wanazuoni hawakuruhusu ujira juu ya ushahidi uliokwisha kuwa faradhi, ila gharama za safari na kilichompotea mtu katika kazi yake. Tulimwambia mama yule: seme kwa ajili ya Allah na kwa ajili ya roho za watu. Ukipewa kitu baadaye bila kukiomba, na ulichosema kilikuwa kweli, hatuthubutu kukuharamishia. Na moyo wako ukiona uzito, mayatima na wajane wapo. Ama mwenye kumtaja mtu kwa kuitamani fedha, bila ya yakini, huyo anakula moto. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.

Majani huchambuliwa kabla ya kupimwa

Kesho yake asubuhi tulipelekwa kuona kituo cha kununulia majani. Wakulima huja na magunia yao migongoni, wakamwaga majani juu ya meza, wakayachambua. Linalotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Jani gumu, jani lililounguzwa na jua na vijiti hutupwa. Ndipo karani hupima kwa mizani na kuandika kilo, na lori likachukua kwenda kiwandani. Mzee mmoja wa pale alitueleza kwamba mtu mmoja mvivu wa kuchambua huharibu chai ya kituo kizima, kwa maana majani yakishachanganyika ndani ya lori hayatenganishwi tena.

Maneno ya mzee yule yalitukumbusha Sura Al-Hujurat, aya ya 6, inayotuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, tusije tukajuta. Na aya ya 12 ya sura hiyo hiyo inakataza dhana nyingi, kupelelezana na kusengenyana. Mtume (SAW) naye ametuonya vikali juu ya mwenye kubeba maneno ya fitina baina ya watu. Habari ni kama majani: huchambuliwa kwanza, ndipo hupimwa. Zawadi ya fedha ina hatari hii, kwamba huwafanya watu kukimbilia mizani na gunia halijachambuliwa.

Nchi ya chai yenyewe inao ushuhuda wa jambo hili, na wazee wake hawajausahau. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria maalumu ya kuwaondoa malaiboni, ikauchukua ukoo wa Talai, watu wapatao 700, wanaume, wanawake na watoto, ikawapeleka Gwassi kando ya Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na malaria. Walituhumiwa kwamba wao ndio wachochezi wa wizi na uasi. Labda walikuwamo miongoni mwao wenye makosa; lakini mtoto wa ziwa la mama yake alikuwa na kosa gani? Waliorudi walirudi karibu na wakati wa uhuru, wakakuta ardhi ina wenyewe wengine, na wengi wao wamebanana pembezoni mwa mji wa Kericho hadi leo. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa bado walikuwa wakiihimiza Uingereza kuijibu dhulma hiyo. Miaka karibu 90 na jeraha halijafunga.

Nasi Waislamu tumeyaonja mfano wake. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikusanywa Nairobi na kupelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa, mwenye hatia na asiye na hatia katika ua mmoja. Kijana wa Kipsigis aliyesilimu akafuga ndevu huko Bomet anaweza kuwa mtuhumiwa mbele ya jirani zake kwa ndevu zake tu. Kwa hiyo tunaposema watu watoe habari, hatusemi watoe dhana. Kuswali sana si dalili ya ugaidi. Ndevu, buibui, nikabu na kanzu fupi si dalili. Kugombana na imamu si dalili, maana watu wamegombana na maimamu tangu zamani. Dalili ya kutisha ni kitendo na mpango: kuwakufurisha Waislamu na kuhalalisha damu zao, kusifu mauaji, safari ya ghafla kwa nauli ya mtu asiyejulikana, kuagana na watu kama asiyerudi, kutafuta silaha au fedha kwa siri. Tena dalili moja peke yake si hukumu. Ni sababu ya kuuliza.

Je, nitakuwa nimemsaliti mwanangu?

Sisi watu wa bahari tuna bahati, kwa kuwa Mtume (SAW) ametupigia mfano tunaoufahamu kuliko wengine. Ametueleza juu ya watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakaona taabu kupanda juu kuteka maji, wakafikiri kutoboa tundu upande wao. Wa juu wakiwaacha, wote wataangamia. Na wakiwashika mikono, wote wataokoka. Tazameni: kuwashika mikono kunawaokoa hata hao wenye kutoboa. Na ametufundisha vilevile kumnusuru ndugu yetu, akiwa mwenye kudhulumu au kudhulumiwa. Alipoulizwa mdhalimu hunusuriwaje, jawabu lilikuwa kwamba ni kwa kumzuia asidhulumu.

Basi mama anayemzuia mwanawe asiende kuua watu hajamsaliti. Amemnusuru. Aliyemsaliti ni yule aliyemtumia nauli, ambaye hatauzika mwili wake wala hatawalea mayatima wake. Wahenga wamesema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Na Sura An-Nisaa, aya ya 135, imetuamuru tusimame kwa uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zetu au wazazi na jamaa wa karibu.

Hapa tutaje jambo ambalo halikutajwa vya kutosha. Miongoni mwa waliofanya unyama wa Garissa mwaka 2015 alikuwamo kijana aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu mmoja wa Mandera. Baba yake alikuwa amekwisha kuwaarifu wakuu wa usalama kwamba mwanawe ametoweka. Hakukuwa na donge juu ya kijana yule, wala baba hakwenda kudai malipo. Alikwenda kwa kuwa ni baba. Habari yake haikuizuia siku ile ya Aprili, na uchungu wake Allah ndiye anayeujua. Lakini mbele ya Mola wake hakuuficha ushahidi. Funzo tunalolipata ni kwamba habari ya mzazi ni ya thamani kuliko zote na ni ya bure, na ina saa yake. Ikija mapema, kijana bado yumo nyumbani na anaweza kushikwa mkono. Ikichelewa, huwa ni habari ya maiti.

Je, nitamwona tena?

Hili ndilo swali lililotukosesha usingizi, na hatutawadanganya wasomaji wetu. Hofu ya mama yule ina msingi. Mwishoni mwa 2016 shirika la Haki Africa la Mombasa lilitoa ripoti iliyokusanya visa 81 vya watu wa pwani waliouawa au kupotezwa tangu 2012 katika msako wa ugaidi. Katika visa hivyo wapo akina mama ambao hawana kaburi la kuzuru wala mtu wa kumpelekea chakula kizuizini. Mama mmoja akipotezewa mwanawe aliyemtaja mwenyewe, akina mama mia hufunga vinywa. Tunawaambia wakuu wetu kwa heshima na kwa uwazi: mkitaka habari, mlindeni anayetajwa kama mnavyomlinda anayetaja. Mtuhumiwa akifikishwa mahakamani akiwa hai, kila mama aliyesikia atajua kwamba njia ya kusema ina mwisho. Hilo litafanya kazi ambayo dola milioni 10 hazikuifanya.

Ama familia, tusikae tukingoja mpaka serikali itengenee. Yapo ya kufanya, nasi tunayapanga kwa utaratibu wake.

Kwanza, mzungumze naye mapema, kabla ya mtu mwingine. Si kwa makelele wala kwa kumfukuza. Mtafutie mwalimu mwenye elimu na subira atakayekaa naye kwa hoja, kwa maana wengi wa vijana hawa elimu yao ni ya simu, na mwenye hoja ya simu huanguka mbele ya mwenye kitabu. Mtoto aliyefukuzwa nyumbani huokotwa na wale wale wanaomngoja.

Pili, mkusanye ya kweli tu. Andikeni mlichokiona na mlichokisikia wenyewe, siku na saa. Yaliyosemwa na jirani yaandikwe kuwa ni ya jirani. Msiongeze chumvi ili msikilizwe, wala msipunguze kwa aibu.

Tatu, msiende peke yenu. Mama afuatane na mzee wa ukoo, imamu, na ikiwezekana wakili au mtu wa shirika la haki za binadamu. Jambo lisemwe mbele ya mashahidi, na jina la afisa aliyelipokea liandikwe. Penye hatari ya papo hapo, kama silaha au shambulio linalokaribia, msingoje kikao: pigeni 999 au 112, mkawaite wazee huku mmekwisha kupiga.

Nne, mjue haki zenu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, ila siku zisizo za mahakama. Ipo sheria ya kuwalinda mashahidi tangu 2006, na ipo mamlaka huru ya kusimamia mwenendo wa polisi tangu 2011. Mlango mmoja ukifungwa, bisheni wa pili. Na kila mnapobisha, acheni karatasi.

Tano, siri ya familia ilindwe. Majirani na makundi ya simu si mahali pa kulitangaza jambo hili. Kijana aliyetajwa hadharani kuwa gaidi hata akitubu hapati mke, hapati kazi, na huenda hapati uhai.

Mwisho wa jambo

Huenda msomaji angependa kujua mama wa nchi ya chai alifanyaje. Wiki ile ile, mjomba wa kijana, imamu na wakili mmoja walikaa naye siku mbili. Ilidhihirika kwamba alikuwa ameahidiwa ujenzi kweli, na kwamba alikuwa ameambiwa asimwage mtu yeyote kwa heri. Alipotakiwa ampigie mwenye kazi mbele ya wazee amwulize jina la kampuni, simu ile haikupokelewa tena. Habari za nambari ile zilipelekwa kwa wahusika, mbele ya wakili, na kijana mwenyewe ndiye aliyezitoa. Alirudi nyumbani jioni ile ile kwa miguu yake.

Hakuna aliyelipwa hata senti. Mama bado huamka usiku kutazama kama viatu vya mwanawe vipo mlangoni, na dada yake ametuambia kwamba hadi tunapoandika haya, viatu vipo. Wala hatusemi kwamba kila kisa huishia hivi. Tumeyataja ya Garissa na ya Siyu ili pasiwe na wa kujidanganya.

Tunachosema ni hiki, ndugu wasomaji. Ulimi ni amana kabla haujawa bidhaa. Serikali ina haki ya kuweka zawadi, na mkweli ana haki ya kuipokea. Lakini umma unaongoja donge ndipo useme umekwisha kuchelewa, na umma unaosema kwa ajili ya donge utawauza wasio na hatia. Tuseme yaliyo kweli, mapema, kwa wanaopasa kusikia, na tuisimamie haki ya mtoto wetu hata pale tunapomzuia mkono.

Ewe Mola, wahifadhi vijana wetu na wenye kuwahadaa, zikate ndimi za fitina, na wape akina mama wote, wa pwani na wa vilima vya chai, kuwaona watoto wao wakirudi jioni. Amin.

Wabillahi tawfiq.